Habari za Nyumba ya Kale ya Kisolanza

Ukitoka Iringa mjini kwa njia kuu iendayo Mbeya, ukaipita Ifunda, basi kabla hujafika Mafinga utaona kando ya barabara kibao chenye jina la Kisolanza. Ni mwendo wa kilomita 50 na kitu tangu mjini. Ukiiacha lami ukafuata njia ya udongo mwekundu, utafika penye nyumba ya kale ya shamba, na bustani, na vijumba vya wageni, na uwanja ambapo wasafiri hupiga mahema yao. Wageni wa nchi nyingi hulala hapo, wakila mboga na nyama ya shamba lenyewe, wakaota moto usiku kwa sababu ya baridi yetu, na asubuhi wakashika njia kwenda Malawi au Zambia, au kurudi Iringa na kushuka Ruaha kutazama wanyama. Wenye shamba ni jamaa moja ya asili ya Kizungu, nao wamekaa hapo tangu miaka ya 1930, yaani maisha ya mtu mzima hata uzee wake, na zaidi.

Sisi tumepita njia hiyo mara nyingi katika kazi yetu ya ualimu, wala hatukuwaza neno juu ya nyumba hiyo. Lakini siku moja tulipokuwa garini pamoja na watoto wa shule, tukiwapeleka Kalenga kuona mahali pa Mkwawa, mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, nyumba ile ilijengwa na nani?" Tukamjibu kama wajibuvyo watu wote, "Ilijengwa na Mzungu." Mtoto akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Peke yake?" Wenziwe wakacheka, na sisi tukacheka pia, lakini jibu letu halikutupendeza tena tangu siku hiyo. Basi tumeona vema kuandika habari za mashamba haya, kwa kadiri tunavyozijua, kwani vitabu vya historia vya shule hupenda kueleza vita na wafalme, na mashamba huyapita upesi kama vile gari letu lilivyoipita Kisolanza.

Nchi hii haikuanza na walowezi, wala haikuanza na Wahehe. Karibu na Iringa kuna korongo la Isimila, ambalo mwaka wa 1951 zilitambulikana ndani yake zana za mawe za watu walioishi zamani za kale sana. Watu hao hawana kabila tunalolijua. Tunawataja ili msomaji asidhani kwamba yuko mtu yeyote, mweusi au mweupe, awezaye kusema kwamba baba zake ndio wa kwanza kukanyaga umande wa nchi hii.

Wahehe tunaowajua sisi waliunganishwa na Munyigumba, na baada yake mwanawe Mkwawa akaitia nchi nguvu kubwa. Tarehe 17 Agosti 1891 watu wa Mkwawa waliwavizia askari wa Kidachi penye Lugalo, wakamwua mkuu wao Zelewski na wengi katika jeshi lake. Wadachi hawakusahau. Tarehe 30 Oktoba 1894 waliivunja ngome ya Kalenga. Mwaka wa 1896 wakajenga boma jipya, ndio mji wa Iringa wa leo. Na Mkwawa akawindwa miaka minne porini, hata tarehe 19 Julai 1898 akajiua kwa bunduki yake penye Mlambalasi asishikwe. Mambo haya kila mtoto wa Iringa ayajua. Yasiyojulikana sana ni yale yaliyowapata watu wa kawaida katika miaka hiyo minne. Maghala yalichomwa moto, ng'ombe wakatekwa, na watu waliodhaniwa kumsaidia Mkwawa wakahamishwa makwao. Kabla ya hapo sotoka lilikwisha kuwaua ng'ombe wengi katika nchi zote za Bara. Mwaka wa 1898 ikawekwa kodi ya nyumba, rupia 3 kwa kila nyumba. Kisha ikaja Maji Maji, 1905 hata 1907, ikaiunguza nchi ya Wabena; na baada yake Vita Kuu, ambayo majeshi ya pande mbili yalipita hapa katika mwaka wa 1916, yakala chakula cha watu na kuwachukua wanaume kuwa wapagazi. Mwaka wa 1918 ikaja homa ya mafua, ikawaua na wale waliosalia katika vita.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa makusudi. Walowezi walipokuja kupima mashamba waliandika kwamba nchi ni tupu, nzuri, yenye hewa ya baridi kama ya kwao, na wenyeji ni wachache. Neno hilo la "tupu" limerudiwa mara nyingi, na hata leo utalisikia. Nchi ilikuwa na nafasi, ni kweli. Lakini mtu akiingia nyumbani mwa mwenziwe siku ya tatu baada ya msiba, akakuta vyumba havina watu, je, ataandika kwamba nyumba hii haikuwa na mwenyewe? Tena kwa desturi yetu shamba lililopumzishwa si shamba lililoachwa. Mwenye kulima ulezi huhamia upande mwingine, akarudi ardhi ikipata nguvu. Mpimaji mwenye mnyororo wake hakuiona desturi hiyo, kwa maana desturi haina alama ya mawe.

Walakini hatutaki kuwapamba babu zetu kupita kiasi. Wahehe nao waliitwaa nchi kwa mikuki. Wasangu wa Merere walisukumwa nao hata wakakimbilia upande wa Usongwe, magharibi ya Mbeya ya leo, wakajenga ngome yao penye Utengule. Mwaka wa 1895 wamisionari wa Moravian walianza kituo chao huko Utengule, nao waliwakuta Wasangu wangali katika ukimbizi. Nguvu ya Mkwawa ilipovunjika, Wasangu wakarudi kwao. Kwa hiyo historia ya ardhi ya nyanda hizi si ya mnyang'anyi mmoja na mnyang'anywa mmoja. Tofauti ni hii, kwamba Mhehe aliyetwaa shamba hakuwa na karatasi ya kulifunga kwa vizazi vyote, na Mzungu alikuwa nayo.

Wadachi wachache walianza kulima hapa kabla ya Vita Kuu. Vita vilipokwisha walifukuzwa, na mashamba yao yakauzwa na Serikali ya Waingereza kuwa mali ya adui. Tangu mwaka wa 1925 wakaruhusiwa kurudi, na wengi walirudi, wakashika Mufindi na nchi za jirani, wakaanza kupanda chai. Mwaka huo huo wa 1925, mwezi wa Oktoba, Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kenya, aliitisha mkutano Tukuyu, wakaja walowezi wa Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Nia yake ilikuwa kuziunganisha nchi zote za Kizungu tangu Kenya hata kusini, na nyanda zetu ziwe kama daraja katikati. Kwa sababu hiyo aliwahimiza Waingereza waje kukaa Iringa. Daraja hilo halikujengwa. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Shirika la Mataifa, wala haikuwa rahisi kuifanya kama Kenya. Lakini walowezi walikuja, mmoja mmoja, na katika miaka ya 1930 Lord Chesham naye akaleta wengine upande wa Sao Hill. Zamani hizo ndipo jamaa ya Kisolanza walipoanza shamba lao.

Msomaji asidhani kwamba wote walikuwa matajiri. Bei za mazao duniani zilianguka katika mwaka wa 1929 na baada yake, na Iringa haikuwa na reli, wala haina hata leo. Stesheni iliyo karibu ilikuwa Dodoma, yapata kilomita 260, na wakati wa masika motokaa zilikwama siku nyingi katika matope. Mahindi hayakuweza kulipa gharama ya safari hiyo. Gunia lingefika pwani limekwisha kula thamani yake lenyewe. Kwa hiyo mlowezi wa Iringa alilazimika kutafuta zao lililo jepesi kwa uzito na ghali kwa bei. Wengine walichagua chai, wengine kahawa, wengine pareto, ambayo maua yake hukaushwa yakatolewa dawa ya kuua wadudu. Pareto ilipata bei nzuri sana wakati wa vita vya pili, kwa sababu Wajapani, waliokuwa wakulima wakubwa wa zao hilo, walikuwa adui. Na wengine, hasa Wayunani waliokuja upande wa Iringa, walilima tumbaku.

Juu ya tumbaku twaweza kusema zaidi kidogo, kwa kuwa babu yetu mzaa baba aliifanya kazi hiyo tangu ujana wake katika shamba moja la upande huu, ambalo leo halipo tena. Tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya bani, nayo ni nyumba ndefu kwenda juu, isiyo na madirisha. Majani huchumwa ya chini kwanza, yakafungwa juu ya fito, na fito zikapandishwa daraja juu ya daraja hata darini. Moto huwashwa nje katika tanuri, na hewa yake ya moto hupita ndani kwa mabomba ya chuma, ili moshi usiguse majani. Siku za kwanza moto huwa mdogo, majani yapate kugeuka manjano. Kisha huongezwa kidogo kidogo, hata uti wa jani ukauke kabisa. Kazi hiyo huchukua yapata juma zima, usiku na mchana. Moto ukizidi kabla ya wakati, majani yote huwa meusi. Ukizimika usiku, yataoza. Babu alikuwa mlinzi wa moto. Alitwambia kwamba alijifunza kuijua saa ya usiku kwa harufu ya bani, na kwamba Bwana mwenyewe alikuja na kurunzi, akanusa mlangoni, akamwuliza yeye kijana asiyesoma, "Tayari?" Babu akisema bado, Bwana akarudi kulala.

Tunapenda sana habari hiyo. Maarifa ya shamba lile yalikaa katika pua ya kijana ambaye jina lake halikuandikwa popote ila katika kipande.

Labda vijana wa siku hizi hawajui kipande ni nini. Kilikuwa karatasi ya kazi yenye nafasi 30, na kila siku mtu aliyomaliza kazi yake ilitiwa alama. Mshahara haukulipwa kwa mwezi wa kalenda, bali nafasi zote 30 zikiisha kujaa. Mtu akiugua, au akikosa kumaliza sehemu yake aliyopimiwa, siku ile haikuhesabiwa. Hivyo mwezi wa kipande uliweza kuwa wa siku 40 au zaidi. Mwenye kutia alama alikuwa mnyapara au karani, na hapo palikuwa na mlango wa dhuluma nyingi. Babu alisema kwamba katika shamba lake siku moja mvua ilinyesha mchana wakaamriwa kuacha kazi, na jioni mnyapara hakumtia mtu yeyote alama, kwa kuwa kazi haikumalizika. Watu 40 wakapoteza siku moja. Babu alilisimulia jambo hilo hata katika uzee wake, na kila mara alitaja mvua ile kwanza, jinsi ilivyotoka upande wa Udzungwa. Aliikumbuka mvua kuliko mshahara wote alioupata.

Mtu atauliza, mbona walikwenda? Walikwenda kwa sababu ya kodi. Asiyekuwa na ng'ombe wa kuuza alikuwa na mikono yake tu. Wengi wa Njombe na Iringa walijiandikisha kuwa manamba, wakapelekwa kukata mkonge Tanga na Morogoro, na wengine kutoka upande wa Mbeya walikwenda Lupa kuchimba dhahabu, au kusini kwenye shaba ya Rhodesia. Shamba la jirani lililipa kidogo kuliko mkonge, lakini mtu alirudi nyumbani jioni, akalima na shamba lake mwenyewe, na watoto wake walimjua uso. Babu alituambia wazi kwamba alichagua mshahara mdogo kwa sababu hiyo.

Sasa tuirudie nyumba. Nyumba ya asili ya Mhehe ni tembe, yaani kuta za udongo na miti, na dari ya udongo bapa, nayo huhifadhi joto sana. Walowezi walijenga kwa matofali ya kuchoma, na bomba la moshi, na veranda, wakaezeka kwa nyasi au mabati. Matofali hayakuletwa kutoka Dodoma, wala yasingeweza kuletwa. Yalifyatuliwa hapo hapo. Udongo ulichimbwa karibu na maji, ukakanyagwa kwa miguu hata ukawa laini, ukatiwa katika kibao, ukaanikwa juani, kisha matofali yakapangwa kuwa tanuri lenye midomo chini, yakachomwa kwa kuni kwa siku kadhaa. Kazi hiyo wenyeji wengi wa nyanda zetu walijifunza pia katika misheni, ambazo zilijenga makanisa na shule kwa namna hiyo hiyo tangu zamani za Wadachi. Nyasi za kuezekea zilikatwa na wanawake, nao walizichukua vichwani. Kwa hiyo ukiitazama nyumba yoyote ya namna hii katika Iringa, tangu msingi hata kipaa, ni nadra kuona kitu ambacho hakikupita katika mikono ya wenyeji, ila vioo na bawaba. Mlowezi alileta nia, na fedha, na mchoro. Hayo pia si haba, na anayeyadharau hajawahi kujenga.

Vita vya pili vilipoanza mwaka wa 1939, Wadachi walikamatwa tena na kufungwa, na mashamba yao yakawekwa mikononi mwa Serikali kwa mara ya pili katika miaka 25. Tena likaja jambo ambalo wazee wengine wangali wakilisimulia: Wapolandi waliofukuzwa kwao na kupelekwa Urusi, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa Tanganyika kuwa wakimbizi, wakawekwa kambini Ifunda, na Kidugala upande wa Njombe. Hapo ndipo wenyeji wengi walipoona mara ya kwanza Mzungu asiye na shamba wala boi, anayechota maji mwenyewe, na kulia kwa ajili ya nchi yake iliyotwaliwa. Kwetu sisi twaona kwamba Wapolandi wa Ifunda waliwafundisha watu siasa kuliko mikutano mingi. Baada ya vita wakaondoka, na Ifunda ikapata shule ya ufundi, iliyotoa mafundi wengi wa nchi hii.

Mwaka wa 1954, tarehe 19 Juni, Gavana Twining alilirudisha Kalenga fuvu la kichwa cha Mkwawa, akamkabidhi mjukuu wake, Chifu Adam Sapi. Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, TANU ilizaliwa. Walowezi wa Iringa waligawanyika: wengine walianza kufunga mizigo yao, na wengine wakasimama na wenyeji. Mjane wa Lord Chesham, Lady Marion Chesham, aliyezaliwa Marekani, alichaguliwa mwaka wa 1958 kuwa mjumbe wa Iringa katika Baraza la Kutunga Sheria kwa msaada wa TANU, na baada ya Uhuru aliendelea kuwa katika Bunge ambalo Spika wake alikuwa Chifu Adam Sapi mwenyewe. Hayo yasingesadikika na watu waliokutanika Tukuyu katika mwaka wa 1925.

Mwaka wa 1963 sheria iliondoa milki ya ardhi ya daima. Mashamba yote ya namna hiyo yakageuzwa kuwa ya kukodi kutoka Serikalini kwa miaka 99, kwa masharti ya kuyaendeleza. Basi karatasi ile tuliyoisema juu, iliyoweza kuifunga ardhi kwa vizazi vyote, ikafunguliwa. Baadaye likaja Azimio la Arusha la 1967, na mashamba mengi yakataifishwa, au yakaachwa na wenyewe. Siku hizo hata mkulima Mwafrika aliyekuwa na shamba kubwa alitazamwa kwa jicho baya. Twakumbuka yaliyotokea Isimani siku ya Krismasi ya 1971, Mkuu wa Mkoa Dakta Klerruu alipouawa na mkulima Mwamwindi shambani, na hapo mtu ajue kwamba shida ya ardhi haikuisha Mzungu alipoondoka. Katika mashamba yaliyoachwa, mengine yaligawanywa kwa vijiji, mengine yakawa ya mashirika, na mengi yakarudi porini. Ukitembea katika nyanda zetu utaona mstari wa mikaratusi iliyopandwa sawasawa, isiyoelekea popote. Ujue mwisho wake palikuwa na nyumba. Bani la babu ni kuta tatu tu sasa, na mti umeota mahali pa tanuri.

Mbona basi Kisolanza ipo? Sababu moja, twaona sisi, ni barabara. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikakatiwa njia ya mafuta na bidhaa. Ghafula njia yetu ya matope ikawa uzi wa uhai wa nchi nzima. Malori yalipita usiku na mchana yakichukua mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam, yakipinduka katika milima na kuzama katika utelezi, hata madereva wakaiita njia ya Jehanamu. Mwaka wa 1968 bomba la mafuta likafunguliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ikafika. Na mwaka wa 1976 reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China, ikakabidhiwa. Reli ilipita Makambako na Mbeya, ikauacha mji wa Iringa pembeni kama ilivyo desturi yake reli. Lakini barabara ilibaki, na msafiri wa barabara huchoka. Kutoka Iringa hata Mbeya ni kilomita zaidi ya 300, na aliyetoka mbali hutafuta mahali pa kulala katikati. Shamba lenye mboga, maziwa na nafasi, likiwa kando ya njia kama hiyo, lina mazao ambayo hayahitaji kuchukuliwa sokoni. Soko huja lenyewe likiwa na njaa. Shida ya kusafirisha mazao, iliyowasumbua walowezi tangu mwanzo, ikaondoka kwa namna ambayo hakuna aliyeiwaza.

Upande wa Mbeya pia pana jambo la kufanana nalo. Utengule, pale palipokuwa na ngome ya Merere, leo pana shamba la kahawa na nyumba ya wageni wanaokuja kupumzika, wakitazama chini bondeni wakati kahawa ikianikwa karibu nao. Mji wa Mbeya wenyewe ni mtoto kuliko ngome hiyo. Ulianza mwaka wa 1927, kwa ajili ya dhahabu ya Lupa. Twasikia kahawa ya huko ni nzuri mno, ingawa sisi walimu hunywa chai.

Katika baraza la kijiji chetu tuliwahi kuzungumza habari za nyumba hizi, na maneno yakawa makali. Kijana mmoja alisema kwamba mahali pa namna hii ni kumbukumbu ya dhuluma, na kwamba wageni hulipa fedha ili wakae katika uzamani ambao kwa babu zetu ulikuwa kipande na kodi. Mama mmoja, ambaye bintiye hufanya kazi katika nyumba ya wageni upande mwingine wa mkoa, akamjibu kwamba yeye amesomesha watoto watatu kwa mshahara huo, na kama nyumba ile ingebomolewa, huyo kijana angewalipia karo? Mzee mwingine akasema kwa upole kwamba makanisa yetu nayo yalijengwa na matofali ya watu wasioandikwa majina, wala hatuyaiti ya dhuluma. Hapo sote tukakaa kimya kidogo, kwa kuwa neno lake lilikuwa zito, na si lote lilitupendeza.

Sisi hatuoni haja ya kubomoa. Nyumba iliyosimama yaweza kuulizwa maswali, iliyobomoka haina jibu. Lakini twaona kwamba mgeni akisomewa habari za nyumba ya namna hii, tangu bwana wa kwanza hata wajukuu zake, na asisikie neno la mfyatua matofali, wala la mkata nyasi, wala la mlinzi wa moto, amesomewa nusu ya barua. Kosa hilo si la wenye nyumba peke yao. Wao waliandika habari za jamaa yao, kama kila mtu afanyavyo. Sisi hatukuandika za kwetu.

Kwa hiyo muhula uliopita tuliwapa watoto wa darasa la saba kazi ya kuwauliza wazee wao kama yuko mtu katika jamaa aliyefanya kazi katika mashamba ya walowezi, na kazi yake ilikuwa nini. Tulitazamia majina matano au sita. Yalikuja 43. Wapishi walikuwa 4, wachunga ng'ombe 7, wafyatua matofali 9, na mmoja, ambaye mjukuu wake huketi dawati la nyuma na husema kwa nadra sana, alikuwa fundi wa kujenga mabomba ya moshi, akaitwa shamba kwa shamba tangu Ifunda hata Sao Hill, kwa sababu mabomba yake hayakurudisha moshi chumbani. Tumeyaandika majina yote katika daftari kubwa la shule, nasi tumeacha kurasa tupu nyuma yake. Mtoto yule aliyeuliza garini ameleta jina la baba wa babu yake jana, likiwa limechelewa, nasi tumelitia la 44.